Machicha ya Bia: Jinsi ya Kuyafunga Yakae Miezi, Si Siku Tatu

Huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro ng'ombe wa maziwa haendi malishoni. Anakaa bandani, na chakula kinamfuata hapo alipo: majani ya kihambani (shamba la migomba la nyumbani), mgomba uliokatwa baada ya kutoa mkungu, na mabua tunayoyateremkia tambarare mahindi yakishavunwa. Mwezi wa kwanza na wa pili, kabla masika haijaanza, na tena kuanzia mwezi wa nane mpaka vuli inyeshe, majani yanakuwa haba na ndoo ya maziwa inasema yenyewe. Hapo ndipo kila mfugaji anaulizia machicha ya bia, yaani makapi ya shayiri yanayobaki kiwandani bia ikishatengenezwa.

Kulisha ng'ombe machicha si jambo jipya kwetu. Mama yangu akichuja ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, makapi yake yalikwenda bandani siku hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba makapi ya chungu kimoja yanaisha kwa mlo mmoja, ila machicha ya kiwandani yanakuja kwa gari. Ukileta kilo 700 kwa kirikuu na una ng'ombe wawili, mzigo utaoza kabla hawajafika hata robo yake.

Mzigo wangu wa kwanza niliupoteza hivyo. Niliushusha Ijumaa, nikaurundika kivulini na kuufunika turubai, nikaamini nimeuhifadhi. Jumatatu asubuhi nilipofunua, mvuke ulitoka. Nilipozamisha mkono katikati ya lundo nikautoa haraka kwa joto, na juu ukungu wa kijani ulikuwa umeshatanda. Karibu nusu ya mzigo iliishia kwenye shimo la mboji. Tangu hapo sheria yangu ni moja: machicha yanafungwa siku yaliyofika, jua halizami yakiwa wazi.

Kwa nini yanaoza upesi

Machicha ni shayiri iliyolowekwa, ikasagwa, ikatiwa maji ya moto, ikakamuliwa sukari yake kwa ajili ya bia. Kinachobaki ni ganda, protini na maji. Katika kilo 100 za machicha mabichi, sehemu kavu ni kilo 20 hadi 25 tu, yaani kile kinachobaki maji yote yakitoka. Katika hiyo sehemu kavu, protini ni kama robo. Ni chakula kizuri mno kukiacha kioze.

Dawa ni kuyageuza saileji, yaani chakula cha mifugo kilichochachushwa bila hewa. Saileji hutengenezwa na bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi, ile ile inayofanya maziwa yagande. Asidi ikishakolea, vijidudu vya kuozesha havina nafasi tena. Bakteria hawa wanataka mambo matatu: pasiwe na hewa, pawe na sukari, na maji yasizidi. Machicha yana kasoro zote tatu. Yana maji mengi, sukari yake kubwa imebaki kwenye bia, na kati ya punje na punje hewa imejaa. Ukilielewa hili hutahitaji kukariri vipimo vyangu, kwa sababu kila hatua hapa chini inaziba kasoro mojawapo.

Hatua ya 1: Anza na idadi ya ng'ombe, si ukubwa wa gari

Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anakula takriban kilo 12 za sehemu kavu kwa siku. Mchanganyiko nitakaoueleza, kilo 10 mbichi kwa siku zinamtosha (sehemu kavu yake ni kama kilo 3 tu), zingine zitoke kwenye majani na mabua. Ng'ombe wawili kwa siku 60 ni kilo 1,200. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya upotevu, unapata kama kilo 1,300.

Sasa chombo. Wengi wanachimba shimo kwa sababu wameona shimo kwenye shamba kubwa. Shimo ni la mwenye ng'ombe wengi. Saileji ikifunguliwa hewa inaingia, na kwa joto letu inatakiwa kila siku uondoe walau sentimita 10 hadi 15 za uso wote ulio wazi, la sivyo uso huo unaanza kuota ukungu kabla hujaufikia. Shimo la mita 1 kwa mita 1 upande wa kuchotea lina kama kilo 650 katika kila mita ya urefu. Ng'ombe wawili wanaokula kilo 20 watasogea sentimita 3 tu kwa siku. Utakuwa unakimbizana na ukungu mpaka shimo liishe.

Pipa la plastiki la lita 200 linabeba kilo 120 hadi 140 zilizoshindiliwa. Ng'ombe hao wawili wanalimaliza kwa wiki moja, na uso unashuka sentimita 13 hivi kila siku. Mapipa mengine yamefungwa na hayajui kinachoendelea. Kwa hiyo kwa mfugaji wa ng'ombe mmoja hadi wanne nasema bila kusita: mapipa, au mifuko minene ya nailoni kama mapipa hayapatikani. Pipa la chuma asidi inalila kutu. Lililobeba dawa za shamba au kemikali yoyote usilitumie hata ulioshe mara kumi.

Hatua ya 2: Kila kitu kiwe tayari kabla gari halijaja

Usianze kutafuta pumba wakati machicha yameshashushwa. Kwa kila kilo 100 za machicha andaa:

- mabua makavu ya mahindi kilo 15, yamekatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3
- pumba za mahindi kilo 5
- molasi kilo 3
- maji safi lita 3 ya kuzimulia molasi

Mabua yawe makavu kweli na yasiwe na ukungu. Mabua yaliyonyeshewa shambani yakawa meusi ni kuingiza ugonjwa kwa mkono wako. Urefu wa vipande nao una maana: vikiwa virefu havishindiliki na vinaacha mifuko ya hewa. Kama huna mashine ya kukatia majani, ni bora kukodi ya jirani kwa saa chache kuliko kukesha na panga na kuishia na vipande vya sentimita 10.

Molasi huku kwetu inatoka kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, na wauzaji wa vyakula vya mifugo wanaipima kwa dumu. Nunua iliyo nzito. Ikimiminika kama chai, imeshaongezwa maji.

Weka pia turubai kubwa la kuchanganyia, koleo mbili, mizani, karatasi ya nailoni nene, kamba za mpira na mawe au ndoo za mchanga za kukandamizia. Mapipa yaoshwe na kukaushwa juani siku moja kabla. Na watu: kwa kilo 1,000 ukiwa peke yako utakuwa bado unashindilia usiku, na machicha yanaendelea kupata joto.

Hatua ya 3: Kagua machicha kabla hujalipa

Machicha mazuri yana rangi ya kahawia iliyopauka na harufu tamu, kama uji wa kimea. Mara nyingi yanafika bado yana uvuguvugu wa kiwandani, na hiyo ni dalili kwamba hayajalala. Yakiwa na uchachu mkali, utelezi ukiyashika, au madoa ya rangi, yameshakaa kwa muuzaji siku mbili tatu. Hayo usiyafunge. Saileji haiponyi kilichoharibika.

Kuna jambo lingine linaloniumiza kwa ajili ya wafugaji wenzangu: machicha yanauzwa kwa kilo, na maji nayo yana uzito. Pima hivi. Chukua gramu 200 kutoka katikati ya mzigo, weka kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, ukikoroga yasiungue. Pima, rudisha jikoni, pima tena, mpaka uzito ugome kushuka. Zikibaki gramu 44, sehemu kavu ni asilimia 22, mzigo ni wa kawaida. Zikibaki gramu 32, ni asilimia 16, na hapo umeuziwa maji.

Tuseme kilo inauzwa shilingi 150. Kwa machicha ya asilimia 22, kilo moja ya chakula halisi inakugharimu kama shilingi 680. Kwa yale ya asilimia 16 ni karibu shilingi 940, na bado utahitaji mabua zaidi ya kuyanyonya. Nikiwa na majibu ya sufuria, mazungumzo ya bei na dereva huwa mafupi.

Hatua ya 4: Changanya kama zege

Tandaza machicha kwenye turubai unene wa kiganja, kilo 100 kwa mara moja, si mzigo mzima. Mwaga mabua juu yake, kisha pumba. Zimua molasi na maji, ya uvuguvugu kama molasi ni nzito, na unyunyize kwa kopo lililotobolewa au bomba la kumwagilia bustani. Sasa geuza kwa koleo mara tatu, kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kama fundi anavyogeuza zege, mpaka usione tena bonge la machicha matupu wala bua lisilolowa.

Wapo wanaopanga tabaka: machicha, mabua, machicha, mabua. Mimi siwashauri. Maji ya machicha yanashuka chini na kituo chake ni sakafu ya pipa, huko yanatengeneza uji unaooza.

Hesabu ya mchanganyiko huu ni hii. Machicha yanaleta sehemu kavu kilo 22, mabua kilo 13 na kidogo, pumba kilo 4 na nusu, molasi kilo 2 na kidogo. Jumla ni kama kilo 42 ndani ya kilo 126, yaani asilimia 33. Protini inakuwa kama asilimia 16 ya sehemu kavu. Hapo pazuri.

Usitegemee hesabu peke yake, tumia mkono. Chota konzi ya mchanganyiko, kaza ngumi kwa nguvu, uhesabu mpaka 30, kisha fungua kiganja. Maji yakichuruzika katikati ya vidole, bado ni mbichi mno, ongeza mabua. Donge likibaki limeshikana na kiganja kikawa na unyevunyevu tu, simama hapo hapo. Donge likisambaratika mara moja, umekausha kupita kiasi na haitashindilika, ongeza machicha. Fanya hivi kwa kila kilo 100, kwa sababu machicha ya juu ya gari na ya chini hayana maji sawa.

Hatua ya 5: Shindilia, funga, andika tarehe

Chini ya pipa weka sentimita 10 za mabua makavu matupu, yanywe maji yatakayoshuka. Kisha jaza mchanganyiko kwa awamu za unene wa sentimita 15, na kila awamu uishindilie kwa mchi, au kwa miguu iliyovaa mabuti safi. Kazi yote iko pembeni. Katikati panajishindilia kwa uzito, lakini kwenye ukuta wa pipa hewa inajificha, na ukifungua pipa lililofungwa vibaya utaona pete ya ukungu imezunguka ukutani huku katikati pakiwa pazima. Zungusha mchi ukutani mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba pasizame.

Jaza mpaka juu kabisa. Pipa lililojaa nusu lina nusu nyingine ya hewa. Tandika nailoni juu ya saileji yenyewe, ipapase hewa itoke, weka mchanga au mawe, kisha funika mfuniko na ukaze. Kwa mifuko, kamua hewa, sokota shingo, ikunje chini, funga kwa kamba ya mpira, halafu uvike mfuko wa pili juu yake. Mfuko ukivimba siku za kwanza usiutoboe. Ni gesi ya kazi inayoendelea, itapungua.

Andika tarehe kwa rangi. Weka kivulini, juu ya mbao, mbali na panya. Tundu dogo tu la panya kwenye nailoni linatosha kuharibu mfuko mzima, kwa hiyo kagua kila wiki na uzibe kwa gundi ya utepe papo hapo.

Kusubiri na kufungua

Wiki 3 zinatosha, mimi naacha wiki 4. Usifungue kuchungulia. Ikikaa imefungwa vizuri, saileji hii inavuka miezi 6 bila tatizo.

Siku ya kufungua, pua yako ndiyo maabara. Harufu ya togwa iliyochacha vizuri, tamu na kali kwa pamoja, rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, vipande vya mabua vikionekana bado ni mabua: hiyo imefaulu. Ukiwa na karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu, inatakiwa kati ya 3.8 na 4.2 hivi. Harufu ya siagi iliyooza au matapishi, na utelezi, inasema ilifungwa na maji mengi. Harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua na rangi nyeusi inasema ilipata hewa ikachemka.

Sehemu yenye ukungu iondoe pamoja na inayoigusa, uizike au uipeleke kwenye mboji mbali na banda. Usimpe ng'ombe, wala kuku, wala nguruwe. Ukungu una sumukuvu, na sumukuvu anayokula ng'ombe inafika kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Ng'ombe mwenye mimba akila saileji iliyooza anaweza pia kutupa mimba. Sina huruma na kilo 5 za ukungu hata ziwe zimenigharimu kiasi gani.

Kumlisha ng'ombe

Tumbo la ng'ombe lina wakazi wake, na wanahitaji muda wa kuzoea mgeni. Siku 3 za kwanza mpe kilo 2, kisha ongeza kilo moja kila siku au kila baada ya siku moja mpaka ufike 10. Kwa kiasi hicho machicha yenyewe ni kama asilimia 15 ya sehemu kavu anayokula kwa siku, na mimi sivuki asilimia 20. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, na mpe baada ya kukamua. Maziwa yanashika harufu upesi, na saileji ikiwa mbele ya ng'ombe wakati unakamua, mteja ataijua kwenye chai.

Majani na mabua yasipungue horini. Kaa umtazame akipumzika: ng'ombe mwenye afya anacheua. Ukiona kucheua kumepungua na kinyesi kimekuwa chepesi kama uji chenye mapovu, rudi nyuma nusu ya kiasi, ongeza majani makavu, na usipoona nafuu kesho yake mwite daktari wa mifugo.

Kilo 10 hizi zinampa protini kama nusu kilo, karibu sawa na kilo 2 za mashudu ya alizeti. Kwa hiyo punguza mashudu, ndipo utaona faida mfukoni. Ila jambo moja wengi wanalisahau: machicha yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na ng'ombe anayekamuliwa anatoa kalsiamu kila siku kwenye ndoo. Mpe madini ya ng'ombe wa maziwa yenye kalsiamu ya kutosha, au chokaa ya mifugo kwa kipimo cha mtaalamu wako. Ndama anayenyonya usimpe saileji hii.

Ukiwa mbali na kiwanda cha bia

Njia ni ile ile, kinachobadilika ni kasoro ya kuziba. Maganda ya nanasi yana sukari tele lakini ni maji matupu, kwa hiyo acha molasi na uweke mabua kilo 30 kwa kila kilo 100, kisha tafuta protini kwingine, kwenye mashudu au majani ya mti wa lukina. Maganda ya viazi kutoka kwa wakaanga chipsi yana wanga mzuri, ila yachambue: mfuko wa plastiki na vijiti vya mishikaki vinaua ng'ombe, na viazi vya kijani au vilivyochipua vina sumu. Kwa wa Pwani na Tanga, maganda ya muhogo yana sianidi. Yakate, yaache yanyauke siku moja, yafunge wiki 4 kamili ndipo sumu ishuke, na bado anza na kidogo.

Parachichi usiguse. Ganda, kokwa na majani yake yana sumu inayoharibu kiwele na kukausha maziwa. Maganda ya kahawa, ambayo huku kwetu yamejaa mitoni msimu wa kuvuna, nayo nayaacha: yana kafeini na tanini, na ng'ombe anakula kidogo kisha anasusa na chakula kizuri ulichochanganya nacho.

Mapipa yakikaribia kuisha

Ukibakiza mapipa 5, anza kupiga simu kwa muuzaji, kwa sababu mzigo mpya unahitaji wiki 4 kabla haujaliwa na mapipa 5 ni chakula cha wiki 5 tu kwa ng'ombe wawili. Kama hutapata kwa wakati, usimkatishe ng'ombe ghafla. Shuka kilo moja moja kwa wiki nzima huku ukirudisha mashudu. Pipa lililobaki tupu lioshe siku hiyo hiyo kwa maji na sabuni, hasa kwenye mshono wa chini ambapo uji umeganda, ulianike mdomo ukiangalia jua.